Msimu Katika Kitabu cha Madeni

Mbele ni sukari, unga, vocha,
na mafuta ya taa ya Mama Riziki
tangu Ramadhani, na sasa ni Mfungo Tatu.
Geuza kitabu, anzia nyuma:
hapo ndipo nilipoandika msimu wa mdogo wangu.

Januari. Shimo la mawe, nyuma ya Mwembelegeza.
Jua limekaa utosini kama ndoo isiyo na ngata.
Mbodze, miaka kumi na mitatu, namba 41
iliyoshonwa na mama kwa uzi mwekundu, mweupe uliisha.
Geti ni mlango wa duka la zamani,
bado umeandikwa SODA BARIDI.
Wanane wameuegemea kwa magurudumu,
wamesimama juu ya pedali,
hakuna anayepumua.
Kisha mlango unaanguka, kwaa!
na vumbi jeupe la matumbawe linawameza wote.

Nikaandika: wa saba.
Akasema, andika pia kwamba nilianguka nikainuka.
Sikuandika. Kitabu cha madeni hakina nafasi ya hayo.

Februari: wa tano.
Machi: wa tano tena. Jino moja limebaki kona ya pili.

Aprili masika yakaingia, shimo likawa birika,
vyura wakashinda raundi zote.
Mbodze akahamia uani, akafanya mazoezi ya kuondoka tu:
mimi nagonga kifuniko cha sufuria,
yeye anakanyaga moja, mbili, na nusu,
ukuta wa choo.
Mara mia kwa jioni.
Jirani akauliza, mtoto huyu anamkimbiza nani?

Anamkimbiza Swabra wa Kibokoni,
ambaye baiskeli yake imeletwa na mjomba kutoka Dubai,
waiinua kwa vidole viwili.
Yetu ni fremu ya mtumba wa Kongowea,
usukani umechomelewa na fundi wa mageti,
breki moja, na hiyo moja ina hiari yake.

Juni: wa pili.
Julai: wa pili. Nusu gurudumu.
Nikamuuliza, nusu gurudumu ni kiasi gani?
Akanionyesha kwa viganja, kama mtu anayepima mkate wa mofa.
Usiku nikasikia miguu yake chini ya shuka:
moja, mbili, na nusu.

Agosti, siku ya mwisho.
Kwenye mchujo, kona ileile iliyokula jino
ikaipinda rimu ya mbele
ikawa kama chapati iliyosukumwa na mtoto.
Fundi aliitazama, akanitazama mimi, akafunga sanduku lake.
Dakika kumi na mbili kabla ya fainali.
Nilikuwa na shilingi mia mbili na maneno ya kufariji.
Maneno hayana spoki.

Swabra akaja, kofia ngumu juu ya mtandio,
ubuyu shavuni, gurudumu la akiba begani.
"Twaa."
Mbodze hakutwaa.
"Twaa, bwana. Nikikushinda umekaa, watu watasemaje?"
"Na mimi nikikushinda?"
Swabra akatema mbegu,
akapiga magoti, akaanza kukaza nati mwenyewe.

Mlango ukaanguka.
Niseme nini? Niliona vumbi.
Niliona, juu ya tuta la tatu, kofia mbili
zikielea pamoja kama nazi zilizochukuliwa na maji.
Watu wa Kilifi walipiga kelele kabla yetu,
walisimama upande usio na vumbi.
Mwamuzi aliinamia simu yake,
akairudisha picha nyuma, mbele, nyuma.
Upana wa kucha, akasema.

Wa kwanza, nikaandika,
na mkono ukaiharibu ile w.

"Sasa geuza," akasema Mbodze. "Mbele. Chini ya Mama Riziki.
Andika: gurudumu moja, kwa Swabra, Kibokoni."
Nikamwambia kitabu hiki ni cha wanaotudai... la, tunaowadai.
"Andika tu."

Jumapili alishika njia, gurudumu mikononi
kama anayepeleka sinia ya posa.
Alirudi magharibi,
meno yaliyobaki mekundu kwa ubuyu,
gurudumu bado mikononi.

Deni sijalifuta.